Mikato Mia Saba Sitini na Miwili

Mama Povu alikuwa amefua nguo za watu kwa miaka ishirini na sita kabla ya kuandika sentensi moja ya kusomwa na mtu. Aliyemtia kwenye uandishi ni binti yake, muuza dawa wa famasi, na hakufanya hivyo kwa kupenda vitabu. Alichoka tu. Kila siku wateja walimtumia mama yake maswali kwa simu, doa la wino linatokaje, kutu je, jasho la kwapa je, na mama mtu, mikono ikiwa ndani ya karai, alimpigia binti yake amsaidie kuwajibu.

"Andika mara moja, mama," binti alimwambia. "Wote wasome hapohapo. Mimi nina wagonjwa wamepanga foleni."

Akamfungulia ukurasa mtandaoni, wakauita Karai la Mama Povu.

Mama Povu aliandika kama alivyopiga pasi, kwa nguvu na bila kurudi nyuma. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya meza ya pasi, akigonga simu kwa kidole gumba chenye kovu la moto. Alama aliyoijua ni nukta peke yake. "Loweka. Paka chumvi. Subiri. Usiharakishe. Shati halikimbii." Herufi zilimponyoka hovyo, suruali ikawa suluali na kola ikawa kora. Lakini watu walisoma, kwa sababu madoa yalitoka kweli, na kwa sababu katikati ya madoa aliwawekea maisha yake. Aliandika kuhusu mumewe, fundi saa, ambaye hakuwahi kuwa na shati lisilonuka mafuta ya mashine tangu wachumbiane. Aliandika jinsi, alipokuwa na mimba ya binti yake, harufu ya wanga wa kukazia kola ilivyomtapisha juu ya tai ya meneja wa benki, na jinsi alivyoitoa ile tai ikang'aa kuliko ilivyokuja.

Mwaka wa pili msomaji mmoja akamwandikia chini ya makala: "Mama, huoni aibu? Haya yote umeyaiba kwa Mama Povu wa Kweli."

Alidhani ni utani. Jioni binti yake alipopita kuchukua nguo zake, alimwonyesha. Binti akatafuta, akapata ukurasa uitwao Karai la Mama Povu wa Kweli. Makala zote zilikuwemo. Kutu ilikuwemo, wino ulikuwemo, fundi saa na harufu yake alikuwemo, hata ile mimba na tai. Tofauti ilikuwa moja tu. Suruali ilikuwa suruali, kola ilikuwa kola, na zile nukta zilizokatakata maneno kama kisu cha mboga zilikuwa zimepungua, mahali pake pamewekwa mkato, ile alama ndogo yenye mkia, na sentensi zikawa zinateleza. Wasomaji wa huko walikuwa mara nne ya wake.

"Kaniibia hadi mimba," alisema Mama Povu.

Mumewe alikuwa amejifunga kioo cha kukuzia jichoni, ana saa ya mteja kiganjani. Hakuinua kichwa. "Na mimi kaniibia?"

"Na wewe umo."

"Basi nina wake wawili na sijui," alisema fundi saa, akaendelea na kazi.

Kesho yake Mama Povu alianza kujilinda. Mwisho wa kila makala aliandika: "Haya ni maneno ya Mama Povu. Kuyanakili ni wizi." Siku mbili baadaye sentensi hiyo ilitokea kwa Mama Povu wa Kweli, imeunganishwa vizuri kwa mkato, na wasomaji wa huko wakamsifu kwa msimamo. Akapiga picha kidole gumba chake chenye kovu, akaiweka juu ya ukurasa iwe alama ya mwenye mali. Kidole kikahamia kule. Akaandika kwa hasira, bila doa wala sabuni: "Wewe unayeninakili. Nakuona. Huna haya. Acha." Hiyo nayo ilinakiliwa, na chini yake watu mia mbili wakampa pole Mama Povu wa Kweli kwa kuandamwa na wezi.

"Mama, nenda Idara ya Hakimiliki," alisema binti. "Andika barua ya malalamiko. Na uiweke kwenye ukurasa pia, watu waione, aogope."

Barua ikaandikwa. Iliwekwa ukurasani Jumatatu, na nakala ikatumwa idarani kwa posta. Majibu yalikuja haraka ajabu. Idara ilimwita Mama Povu kufika Alhamisi ya wiki iliyofuata saa nne asubuhi, akiwa mlalamikiwa.

"Mlalamikiwa ni nani?" aliuliza.

"Ni mtu anayeshtakiwa, mama," binti alisema, naye akaisoma mara ya pili asiyaamini macho yake.

Idara ya Hakimiliki ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Chumba cha afisa kilikuwa na meza, viti vitatu, na mashine ya fotokopi iliyozidi meza kwa ukubwa. Ukutani palibandikwa tangazo, Usinakili Bila Idhini, na lenyewe lilikuwa fotokopi, limepinda upande. Afisa alikuwa mtu mpole mwenye mafua. Kwenye kiti cha pili alikaa mzee mwembamba wa miaka sitini na kitu, suti ya kijivu, viatu vimepigwa rangi, bahasha juu ya magoti. Aliposimama kumsalimu, Mama Povu aliona kuwa kola yake imegeuzwa na kushonwa upya upande wa ndani, kazi ya mtu anayejifulia mwenyewe kwa uangalifu.

"Karibu, mama," alisema afisa. "Nimepokea barua mbili. Moja ya huyu mzee, aliileta kwa mkono Jumanne. Nyingine yako, ilikuja kwa posta Ijumaa. Zinafanana neno kwa neno. Aliyetangulia ndiye mlalamikaji, ndiyo utaratibu."

"Yeye kalalamika nini?"

Afisa akafungua barua ya mzee, akasoma. "'Mimi ni dobi. Nimeibiwa maandishi yangu na mtu anayejiita Mama Povu wa Kweli.'" Akapenga kamasi. "Mzee, Mama Povu wa Kweli ni nani?"

"Ni mimi," alisema mzee.

"Kwa hiyo unajishtaki."

"Nilinakili barua, bwana afisa. Ilikuwa imeandikwa 'Kwa Idara ya Hakimiliki'. Barua iliyoandikiwa mtu lazima imfikie. Nisingeweza kuinakili halafu niiache nyumbani."

Afisa akafunua karatasi nyingine. "Na hapa kwenye makala ya tai. Umeandika, 'nilipokuwa na mimba ya binti yangu'."

"Ndivyo ilivyokuwa kwenye asili. Mnakili habadilishi maneno. Akibadilisha anafukuzwa kazi."

"Kazi gani?"

Hapo ndipo Mama Povu alipomjua. Mzee alikuwa mpiga taipu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye chumba kimoja na wenzake kumi na wawili, wakinakili barua za mabwana wakubwa, mikataba, hotuba, ripoti za mifereji. Wenzake walistaafu au walikufa, mashine zikauzwa, naye akatolewa kwa mkono wa kwaheri. Nyumbani vidole vilimwasha. Alinakili maandishi ya maboksi ya dawa. Alinakili kalenda. Halafu mpwa wake akamwachia kompyuta kuukuu, na kitu cha kwanza alichokiona ndani yake kilikuwa Karai la Mama Povu, kimejaa makosa.

"Na jina?" aliuliza Mama Povu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema naye. "Mama Povu wa Kweli, hilo umelipata wapi?"

"Nilitaka liwe kama lako, dada. Mashine ikakataa, ikasema lina mwenyewe. Ikanipendekezea hilo la Kweli. Nikaona haina ubaya."

Afisa alifurahi. Alisema katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuona kesi ambayo pande zote mbili zinamshtaki mtu mmoja. Alikuwa ameshachukua muhuri mkononi pale mzee aliponyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Kuna barua nyingine, bwana afisa. Hii nimeitunga mwenyewe." Akafungua bahasha. "Ni ya kwanza."

Akaitoa kwenye bahasha. Ilikuwa na sentensi moja: Mama Povu amechukua mikato yangu.

Mama Povu akahisi joto masikioni. Ilikuwa kweli. Wiki tatu nyuma binti yake alikuwa amemwambia, mama, tukubali tukatae, ya mwizi inasomeka vizuri kuliko yako. Wakachukua makala zake kama zilivyosahihishwa kule, wakazibandika juu ya zile za zamani, na za zamani zikafutika.

"Yalikuwa maneno yangu," alisema. "Nimeyarudisha nyumbani."

"Maneno ni yako, dada, sibishi. Herufi nilizosahihisha nakusamehe, hiyo ni kazi ya mpiga taipu popote alipo. Lakini mkato ni uamuzi. Nimeihesabu. Ni mia saba sitini na miwili."

Afisa aliomba wampe nusu saa. Wakatoka kukaa kwenye benchi la korido, mmoja kila mwisho, hawakuangaliana. Waliporudi alikuwa ameandika hukumu kwa mkono, na aliisoma taratibu kwa sababu ya mafua. Maneno yote ni ya Mama Povu, na mzee aufunge ukurasa wake ndani ya siku saba. Mikato yote ni ya mzee, na Mama Povu aiondoe ndani ya siku hizohizo.

"Nitaweka nukta zangu," alisema Mama Povu.

"Hapana, mama. Mahali mkato ulipokuwa ni kama kiwanja. Mwenyewe akibomoa nyumba yake, haimaanishi jirani ajenge. Pabaki wazi." Akageukia fotokopi. "Sasa nitoe nakala tatu."

Kazi ya kuing'oa mikato ilichukua siku nne. Binti alikuja baada ya zamu, wakakaa wawili kwenye meza ya pasi, mmoja anasoma, mwingine anafuta. Fundi saa aliwaletea chai.

"Mimi sielewi," alisema. "Kaiba, ukamwibia, mkashtakiana, wote mmeshinda. Mbona una uso wa aliyeshindwa?"

"Kunywa chai yako," alisema mkewe.

Ukurasa wa mzee ukafungwa. Wasomaji wake wakahamia kwa Mama Povu, naye kwa siku kama tano alijiona mtu mwenye mali yake. Halafu siku ya sita asubuhi akaja mwanamke mmoja, mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, mikono imechanika mistari myekundu hadi kwenye viwiko. Alibeba ndoo yenye mfuniko, na ndani ya ndoo kulikuwa na kitu kinachonung'unika.

"Shikamoo, mama," alisema mwalimu. "Samahani kukusumbua. Paka nimeshamloweka. Chumvi naweka sasa au nisubiri?"

Mama Povu aliweka pasi pembeni. "Paka gani, mwanangu?"

"Wa kwangu. Nimemfuga miaka mitano." Mwalimu akatoa simu. "Shati la mume wangu lina kutu. Nimefuata ulivyoandika."

Akasoma kwa sauti, kama anasomea darasa: "'Loweka paka chumvi subiri saa mbili kisha fikicha taratibu mpaka kutu iishe.'"

Mama Povu aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwenye akili timamu, aliyesoma chuo.

"Na shati lingeingia wapi?" aliuliza kwa upole.

"Nilidhani ni maji yake ndiyo dawa. Watu wa zamani walikuwa na mambo yao." Mwalimu akaanza kuona. Akaitazama simu, akaitazama ndoo, akakaa chini polepole. "Ni paka ya kupaka."

"Ni paka ya kupaka, mwanangu."

Wakamtoa paka, wakamkausha kwa taulo la mteja. Alikuwa paka mkubwa mweupe, na akiwa amelowa alikuwa mdogo kama soksi. Aliwatazama wote wawili kwa dharau, akaenda kujilamba chini ya kabati la nguo zilizopigwa pasi. Kabla ya saa sita watu wengine wawili wakapiga simu. Mmoja alisema wa kwake amekimbia na haonekani. Wa pili hakuwa na paka, alitaka kujua kama anaweza kuazima.

Mama Povu alivua aproni, akamwambia mumewe aangalie duka, akaenda kumtafuta mpiga taipu kwa anwani iliyokuwa kwenye nakala ya hukumu.

Aliishi chumba kimoja na jiko, nyuma ya kiwanda cha matofali. Alimfungulia akiwa amevaa tai. Chumba kilikuwa safi mno. Kuta mbili zilikuwa na rafu, na kwenye rafu karatasi, marobota kwa marobota, zimefungwa kwa uzi. Mama Povu alisoma rundo la juu: maelekezo ya kutumia birika la umeme, yamenakiliwa bila kosa mara tisa. Kompyuta ilikuwa mezani, imezimwa, imefunikwa kwa kitambaa.

"Karibu, dada. Nimeshafunga. Nilifunga siku ya pili."

"Nimeona. Sikuja kwa hilo." Alikaa. Njiani alikuwa amepanga maneno makali kiasi na laini kiasi, lakini yote yalimpotea. "Naomba mkato mmoja."

"Upi?"

"Wa kutu. Kati ya loweka na paka."

Mzee alifumba macho, na midomo yake ikasogea. Alikuwa ameikariri. Alipofika mahali penyewe akafumbua macho kwa hofu. "Kuna aliyemloweka?"

"Mmoja, najua. Mwingine kakimbia."

Mzee alikaa kitandani, akavuta tai ikalegea. Alikaa hivyo muda, na Mama Povu hakumharakisha. Miaka ya kungoja madoa yalowe ilikuwa imemfundisha kungoja.

"Chukua yote," alisema mwisho. "Sikuitaka, dada. Mikato ya nini mimi? Ningeila? Miaka thelathini na mmoja nimeiweka kwenye barua za watu. Kuna waziri alisoma hotuba yake akapigiwa makofi mahali nilipoweka mkato, kwa sababu hapo ndipo alipopumua. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Hakuna aliyeniuliza hata siku moja, huu nani kauweka. Ulipoichukua wewe, nilisema, angalau huyu kaona kuwa ipo. Halafu nikaona hujasema ni yangu. Ndiyo ikaniuma."

"Na mimi ulisema?" aliuliza Mama Povu. "Mimba yangu, mume wangu, kidole changu. Ulisema ni vya nani?"

Ilionekana kwamba jambo hilo, kwa mwaka mzima, halikuwahi kumjia mzee kichwani. Kwenye chumba chao cha chapa maneno yalikuja tu, juu ya trei, asubuhi.

"Sikusema," alikiri. "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini hiyo ya mimba ilinikera sana."

"Nilipoichapa mimi mwenyewe nilisita," alisema mzee.

Mama Povu akacheka bila kutaka, na mzee, alipoona anacheka, akaenda kuweka birika jikoni.

Walirudi kwa afisa pamoja. Afisa, ambaye sasa alikuwa amepona mafua, alisema sheria haina fomu ya watu waliopatana, akatafuta kwenye droo zote, mwisho akawapa fomu ya talaka ya wachapishaji na kuwaambia wakate kila "si" wanayoikuta. Tangu hapo Mama Povu huandika kwa nukta zake, humpelekea mzee kwa simu, na mzee humrudishia siku hiyohiyo. Mwisho wa kila makala kuna mistari miwili. Maneno: Mama Povu. Mikato: Mpiga Taipu. Bado wapo wanaowanakili. Binti huwatafuta kila Jumamosi na kuwaandikia barua ambayo mzee ameichapa, kavu na yenye adabu, na wengi hufuta haraka kwa kuwa inafanana na barua ya serikali.

Wasomaji nao wana mambo yao. Mwezi uliopita mtu mmoja aliandika sifa ndefu chini ya makala ya mapazia. Hakusifu mapazia. Alisifu mkato wa aya ya pili, akasema umempumzisha moyo. Mzee alichapa sifa hizo, akazitia fremu, akapiga picha, akamtumia Mama Povu.

Mama Povu alimwonea wivu. Hakumficha mumewe.

"Miaka miwili nawatolea watu kutu na wino," alisema, "hajatokea wa kuniambia nimempumzisha moyo."

"Mimi unanipumzisha," alisema fundi saa, kioo kikiwa jichoni.

"Wewe hujasoma hata moja."

"Nimo ndani ya zote. Nisome nini?"

Wivu ulimkaa siku mbili. Siku ya tatu nyumba ya wageni ikamletea shuka kumi na sita zenye ukungu, na ukungu hauna mzaha, ukauacha hadi kesho umekula kitambaa. Akakunja mikono ya gauni, akafungulia maji.